Pingili ikichipua usishangilie: kuotesha forosadi, komamanga na tini hapa Dar

Mwezi wa Februari mama mmoja wa Kitunda alinitumia picha kwa simu. Ndoo ya rangi ya lita 20 imejazwa udongo mweusi, na ndani yake pingili 12 za komamanga zimesimama kama askari wa gwaride. Kila moja ilikuwa imetoa vijani vyekundu-vyekundu, vinang'aa kama vimepakwa mafuta. Chini akaandika: "Bwana shamba, zimekubali zote!" Nilimjibu apunguze furaha, aihamishie ndoo kivulini na aifunike kwa nailoni. Nadhani aliona namwonea kijicho. Baada ya wiki tatu ikaja picha ya pili: vijani vimejikunja, vimekuwa rangi ya chai, na pingili zote zimekauka kuanzia nchani. Akauliza kama kuna mtu mwenye jicho baya pale mtaani.

Nilimwomba azing'oe anionyeshe upande wa chini. Hapakuwa na hata uzi mmoja wa mzizi.

Kijiti kilichokatwa kwenye mti kina akiba yake ndani, wanga kidogo na maji. Macho yake, vile vijitundu vya kuchipulia majani, yakipata joto hufunguka kwa akiba hiyohiyo, iwe mizizi ipo au haipo. Kwa joto la Dar macho ya komamanga yanaweza kufunguka ndani ya wiki moja au mbili, lakini mizizi yake hutaka wiki 6 hadi 8. Katikati ya hapo majani yanapoteza maji hewani mchana kutwa na chini hakuna wa kuyarudisha. Mimi huyaita majani ya mkopo, na kwa jua la Februari huo ni mkopo wa kausha damu. Kazi yote ya kuotesha kwa pingili ni kukiweka kijiti hai mpaka mizizi ije, bila kudanganywa na majani.

Wengi wetu tumeharibiwa na muhogo na matembele. Unachomeka pingili ya muhogo hata ikiwa imelala, inaota. Marando ya matembele unayatupa kwenye tuta jioni, baada ya wiki chache unachuma mboga. Miti ya matunda haina huruma hiyo.

Nini kinakubali, nini usijisumbue

Kwa mtu anayeanza, shika forosadi. Wengine mjini siku hizi wanasema malberi, ni mti uleule. Unaota kwa pingili kirahisi kuliko tunda lolote la kichaka ninalolijua hapa pwani: wiki 3 hadi 5 una mizizi, na si ajabu mche wake ukazaa kabla haujamaliza mwaka. Komamanga ni ya pili kwa umuhimu na ni ngumu kidogo. Mtini unaota vizuri ila unachukia maji mengi kabla haujashika. Mzabibu nao huota kwa pingili, na mashamba ya zabibu ya Dodoma yamepandwa hivyo, lakini unyevu wa hewa yetu unauletea ukungu, kwa hiyo uchukulie kama mti wa kivuli cha baraza na zabibu ziwe bahati.

Mwembe, mparachichi, mpapai na mstafeli usizikatie pingili. Mpapai na mstafeli panda kwa mbegu. Mwembe na mparachichi nunua mche uliobebeshwa, yaani tawi la mti mzuri lililounganishwa kwenye shina la mche mwingine. Ndimu na mpera zina njia yake, nitaifikia.

Kwa nini basi mtu asipande mbegu tu, na komamanga moja ina mbegu mamia? Kwa sababu mbegu ni mtoto, na mtoto hafanani na mama kila kitu. Utapanda mbegu za komamanga tamu uliyoila Ramadhani, usubiri miaka, upate tunda kali lenye kokwa ngumu. Kwa mtini hali ni mbaya zaidi, maana mbegu yake inaweza kukupa mti wa kiume ambao hauzai tunda la kula. Pingili ni mti uleule wa mama umehamia shimo jingine, na unawahi kuzaa.

Hilo lina upande wa pili. Kama mama ni mgonjwa, umepanda ugonjwa. Kama mama hazai, umepanda kichaka cha mapambo. Miaka ya nyuma nilinunua miche mitatu ya komamanga kwa muuza miche mmoja wa kando ya barabara. Ilichanua vizuri sana, maua mazito yaliyojaa petali kama waridi. Nikangoja. Mwaka wa kwanza nikasema bado michanga, mwaka wa pili nikasingizia mvua. Kuja kuuliza kwa wenye kujua, kumbe ile ni komamanga ya maua: petali zimejaa mpaka tunda halishiki. Na mimi nilikuwa nimeshawagawia majirani pingili zake. Mpaka leo kuna jirani akiniona ananiuliza juisi iko wapi.

Kwa hiyo mti wa kukatia pingili uwe umeuona kwa macho yako ukiwa na matunda, na ikiwezekana uwe umeyala. Pita hata kwa watu usiowajua, piga hodi, omba. Watu wa Dar wanalalamika kwa mengi lakini sijawahi kunyimwa kijiti cha mforosadi. Angalia pia majani: yenye mabaka ya njano na kijani yasiyo na mpangilio, yaliyojikunja au kudumaa, uache mti huo. Matawi yenye vidugamba, vile vipele vya kahawia vilivyoganda kwenye gome, nayo uyaache.

Wakati

Zipo video nyingi za Uingereza ambako mtu amevaa koti na glavu, anachomeka vijiti visivyo na jani hata moja kwenye tuta mwezi wa Novemba, anaviacha nje mpaka mwaka unaofuata. Anachosema ni kweli kwa kwao. Kule vichaka vyao vya matunda hupukutisha majani na kulala majira ya baridi, hewa ni ya ubaridi na kijiti hakina haraka. Hapa miti yetu hii hailali kiasi hicho. Ukimwiga, jua litakumalizia vijiti kabla ya Ijumaa.

Majira yangu mimi ni kuanzia mwisho wa masika, Mei, mpaka Julai. Mvua imepungua, kipupwe kimeingia, usiku kuna ubaridi kidogo, na kijiti hakinyonywi maji kama mwezi wa Januari. Pingili ya Juni huwa na mizizi Agosti, inakaa kwenye kiriba, ule mfuko mweusi wa miche, Septemba na Oktoba, na mvua za vuli zikija inaingia ardhini. Ukikosa majira hayo, kata mwanzo wa vuli upande masika. Januari na Februari kaa kivulini ule matunda.

Kijiti chenyewe

Chagua tawi lisilo changa wala kongwe. Njia yangu ni hii: lipinde kidogo. Likijikunja kama mrija, ni changa mno, litaoza. Likikataa kabisa na gome lake limepasukapasuka, ni zee. Unalotaka limegeuka rangi kutoka kijani kwenda kahawia, lina unene wa penseli, na ukilikwaruza kwa kucha chini ya gome kuna kijani kibichi chenye maji. Kwa komamanga, yale machipukizi yanayopanda kutoka chini ya shina, ambayo ungeyakata hata hivyo, yanafaa sana, mradi mti huo haukubebeshwa.

Kata alfajiri au asubuhi mapema, mti ukiwa umejaa maji. Tumia mkasi mkali wa kupogolea au wembe mpya, ufute kwa spiriti unapohama kutoka mti mmoja kwenda mwingine. Panga butu linaponda gome, na gome lililopondwa ndiko uozo unakoanzia.

Urefu uwe sentimita 20 hadi 25, wenye vifundo vinne au zaidi. Chini kata mkato ulionyooka, karibu kabisa chini ya kifundo, kwa sababu mizizi hupenda kutokea hapo. Juu kata mshazari, upana wa kidole kimoja juu ya jicho. Mshazari huo unamwaga maji, lakini sababu kubwa zaidi ni kumbukumbu: ukishakuwa na vijiti 20 mezani hujui kipi kiko juu kipi chini, na kijiti kilichopandwa kichwa chini hakitakupa mche wa maana. Mkato ulionyooka uingie udongoni.

Pukutisha majani yote ya chini. Juu bakisha mawili, nayo uyakate nusu kwa mkasi. Ua au tunda lolote lililopo litoe, hata kama linakuuma.

Forosadi na mtini hutoa utomvu mweupe. Uoshe kwa maji mpaka ukome ndipo uchomeke. Utomvu wa mtini usiuchezee: ukigusa ngozi na ngozi ikapigwa na jua, inaungua na kuacha madoa meusi. Vaa glavu, watoto wakae mbali.

Kama unatoa pingili mbali, tuseme Bagamoyo au Morogoro, zifunge kwa gazeti lililoloweshwa, kisha nailoni, uziweke kivulini. Usiziache kwenye kioo cha nyuma cha gari. Nimepokea pingili zilizosafiri hivyo kutoka Tanga, zimefika zimepikwa.

Poda ya kuotesha mizizi ipo kwenye maduka ya pembejeo. Forosadi haiihitaji. Kwa komamanga inasaidia: kwaruza gome sentimita mbili upande mmoja wa chini, lowesha, chovya, kung'uta inayozidi. Watu wananiuliza kuhusu shubiri na asali. Nimejaribu vyote viwili na sikuona tofauti, ila havijaniharibia kitu. Na ule mtindo wa kuchomeka kijiti ndani ya kiazi ulaya uache, kwa joto letu kiazi kinaoza siku ya tano na kijiti kinaoza nacho. Kikaange.

Udongo, au tuseme mchanga

Kosa la mama wa Kitunda lilianzia kwenye ule udongo mweusi. Ulikuwa na samadi nusu kwa nusu, ameuandaa kwa mapenzi. Lakini kijiti kisicho na mizizi hakina mdomo wa kula samadi. Kinachohitaji ni mahali safi, penye unyevu na hewa. Samadi, hasa isiyooza sawasawa, inakiunguza kidonda na kuleta ukungu.

Chukua mchanga wa mtoni sehemu mbili, changanya na sehemu moja ya mboji iliyokomaa au maganda ya mpunga yaliyochomwa yakawa meusi, yasifike kuwa majivu. Vumbi la makumbi ya nazi ni zuri vilevile, na Dar makumbi yamejaa kila kona yanapouzwa madafu, ila uyaloweke na kuyakamua mara tatu nne kwanza, maana yana chumvi na rangi ile nyekundu isiyo na faida kwa mizizi. Mchanga uliobaki kwenye ujenzi angalia usiwe umechanganyika na simenti. Na mchanga wa baharini hapana. Mwaka nilioanza kitalu changu nilizoa mchanga mweupe mzuri ufukweni, nikauosha mara moja tu, nikachomeka vijiti kama sitini hivi vya mtini. Sikupata hata kimoja.

Osha mchanga mpaka maji yatoke meupe, kisha mwagia maji ya moto ya kuchemka, uache upoe. Hiyo inatosha kupunguza ukungu na vijidudu.

Chombo changu cha kupenda ni chupa ya maji ya lita moja na nusu. Kata shingo, toboa matundu manne chini, jaza mchanga, halafu zungushia karatasi nyeusi au kipande cha kiriba ili mwanga usiingie. Mifuko ya kubebea ya plastiki imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, lakini chupa tupu zimejaa mitaroni, na hii ina faida ambayo kiriba hakina: unaweza kuvua lile gamba jeusi ukaona ndani bila kugusa kijiti. Hapo ndipo utakapojua habari za kweli.

Toboa tundu kwa kijiti kingine kwanza, usisukume pingili kwa nguvu, gome litachubuka na poda itafutika. Zamisha theluthi mbili, angalau vifundo viwili viwe chini. Bana mchanga kwa vidole pembeni mpaka ukiivuta pingili kidogo isitoke. Mwagilia mara moja vizuri.

Wiki sita za subira

Chukua chupa nyingine, kata kitako, ivike juu kama kofia. Au funika ndoo nzima kwa nailoni angavu iliyoshikiliwa na fito, isiguse majani. Ndani hewa itakuwa na unyevu na yale majani mawili hayatakauka. Kila asubuhi fungua dakika kumi hewa ipite. Weka chini ya mwembe, chini ya kichanja cha makuti, au ubavu wa nyumba unaopata jua la asubuhi tu. Ukiweka chupa iliyofunikwa kwenye jua la saa saba umetengeneza oveni.

Maji ni hapa watu wanapopotelea. Chukua mchanga kiganjani, kamua. Maji yakichuruzika, umezidisha. Ukiachia ukamwagika kama unga, umepunguza. Ukishikamana na kiganja kikabaki na ubaridi, acha hivyo. Ukiwa umefunika vizuri, forosadi na komamanga huenda ukamwagilia mara moja au mbili kwa wiki. Mtini mimi nikishamwagilia siku ya kwanza naweza kukaa wiki nzima au zaidi bila kuugusa.

Na maji yenyewe yaonje. Visima vingi vya Dar, hasa maeneo ya karibu na bahari, vina chumvi. Komamanga na mtini zikishakua zinavumilia chumvi kiasi, lakini kijiti kinachotafuta mzizi wa kwanza hakivumilii. Ukiona ukoko mweupe pembeni mwa chombo, ujue. Tumia maji ya bomba, au kinga ya mvua kutoka bati.

Halafu subiri, na usivute. Najua mkono unawasha. Nilikuwa na kijana wa kunisaidia kitaluni, mwaminifu, mchapakazi, lakini kila asubuhi alikuwa anainua vijiti viwili vitatu kuangalia kama vimeota, kisha anavirudisha. Mzizi wa kwanza ni laini kama tambi iliyopikwa, ukiinua unakatika.

Ukitaka kuona, vua gamba la chupa. Kwa wiki mbili tatu hutaona kitu. Kilichofichika katikati ya mchanga ni kwamba kidonda cha chini kimeanza kuota uvimbe mweupe, kama punje za wali zilizogandana. Hiyo ni dalili njema, lakini bado si mizizi. Baada ya hapo ndipo nyuzi nyeupe zitagusa ukuta wa chupa, kwanza moja, kisha tano, kisha zinaanza kuzunguka. Majani yakiendelea kutoka na yanakuwa makubwa kuliko yale ya kwanza, deni limeanza kulipwa.

Zikifa, kifo chenyewe kinasema sababu. Kijiti kilichokuwa cheusi kuanzia chini, kinateleza na kunuka, kimekufa kwa maji mengi au mchanga mchafu. Kilichokauka kuanzia juu kikashuka, ni kiu au jua. Kilichochipua kikasinyaa ghafla baada ya wiki tatu, tumeshakizungumza. Ukikivunja ukakuta ndani tupu na udongo umejengwa, ni mchwa, na safari ijayo chombo kiinue juu ya matofali au kichanja badala ya kukiweka ardhini. Na kama kijiti kimetoweka kabisa, muulize jirani kuhusu kuku wake.

Chomeka zaidi ya unachohitaji. Nikitaka miche mitatu ya komamanga nachomeka kumi, na nikipata nusu nashukuru. Forosadi hunizidia mpaka nagawa.

Kuhamishia kwenye kiriba

Mizizi ikizunguka chupa, sasa ndipo mche una mdomo. Changanya udongo wa juu sehemu tatu, samadi iliyooza sehemu moja, mchanga sehemu moja. Hamisha jioni. Pasua chupa ubavuni kwa wembe badala ya kuvuta, toa na mchanga wake, weka kwenye kiriba kwa kina kilekile. Urudishe kivulini wiki mbili, kofia uwe unaivua saa moja, kesho saa mbili, mpaka uzoee hewa ya nje, kisha uusogeze juani kidogokidogo. Nimeona watu wakifika hapa salama, halafu wakautoa mche kivulini moja kwa moja mpaka jua la mchana kweupe. Unababuka siku hiyohiyo.

Ndimu na mpera: mfungie mama

Ndimu inaota kwa pingili ukiibembeleza, lakini mara nyingi mizizi yake hukaa juujuu na kuoza kirahisi penye maji yanayotuama. Ndiyo maana wataalamu wanaibebesha juu ya shina la limau kali. Ukiwa huna fundi wa kubebesha, ipo njia ambayo tawi linaota mizizi likiwa bado linanyonya kwa mama, na mpera nao unaikubali. Tena hapo hakuna mkopo, mama ndiye anayelisha.

Chagua tawi lenye unene wa kidole. Vua gome kuzunguka, upana wa sentimita mbili na nusu mpaka tatu, kama unavua pete. Ule ute unaoteleza unaobaki kwenye mti ukwangue kabisa kwa kisu, ukiuacha gome litaungana tena na utakuwa umefunga bandeji bure. Chukua makumbi yaliyolowekwa na kukamuliwa, ngumi moja, yazungushie pale, funga kwa nailoni angavu juu na chini kwa kamba, kisha funika kwa kitambaa au karatasi ya kung'aa kuzuia jua. Baada ya wiki 6 hadi 10 utaiona mizizi nyeupe ikigusa nailoni. Kata chini ya fundo, ondoa nailoni, panda kwenye kiriba kikubwa, punguza nusu ya majani.

Pitaya ni kinyume

Pitaya, lile dungusi linalopanda nguzo, kata kipande cha sentimita 20 hadi 30 na usikipande siku hiyo. Kiegemeze kivulini siku tano hadi saba kidonda kikauke, ndipo ukizamishe mchangani. Hakihitaji kofia. Ila ulizia tabia ya mama: nyingi za nyama nyekundu hazijichavushi, na kwa kuwa pingili zote za mama mmoja ni mti mmoja, ukipanda nguzo kumi kutoka kwake utapata maua makubwa ya usiku na hakuna tunda. Changanya mama wawili.

Kuingiza ardhini

Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, tenga udongo wa juu, uchanganye na ndoo moja au mbili za samadi iliyooza, jaza, na mvua za vuli zikishika panda. Kichanga cha Mbagala au Kigamboni hakikai na maji, kwa hiyo weka matandazo ya nyasi au makuti, yasiguse shina. Komamanga ipe mita tatu mpaka nne, na ikianza kuzaa imwagilie kwa mpangilio, kwani ukiitesa kwa kiu kisha ukaimwagia pipa zima matunda yanapasuka. Mtini ukae mbali na chemba ya maji taka na bomba, mizizi yake ni mwizi wa maji.

Mpangaji naye asikae nyuma. Forosadi na tini huishi vizuri kwenye ndoo kubwa au pipa lililokatwa nusu. Mwenye nyumba akipandisha kodi, unabeba. Na ile iliyokwisha kushika ardhini, kata pingili tano ufunge kwenye gazeti, mti utabaki kwake nawe umeondoka nao.

Forosadi huzaa kwenye machipukizi mapya. Ukimaliza kuvuna, pogoa matawi kwa theluthi moja au nusu, utapata mzao mwingine na furushi la pingili za msimu unaofuata. Tatizo lake kwa Dar ni kunguru, wanajua forosadi imeiva kabla yako. Funga neti, au vuna kila asubuhi zile zilizogeuka nyeusi. Na mti usiupande karibu na kamba ya nguo. Mimi wangu uko mita mbili kutoka kamba, kunguru wanakula juu na kuachia chini, na shuka nyeupe za nyumbani kwangu zina madoa ya zambarau ambayo hakuna sabuni iliyoyatoa.